Kambi Isiyo na Mkubwa

Harufu ya vitunguu ilitupokea kabla hatujakiona kijiji. Tangu Karatu gari lilikuwa likiteremka kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, vumbi limetuingia mpaka kwenye meno, na kila baada ya muda tulipishana na lori lililosheheni magunia. Nilishuka Mangola saa saba mchana. Nikiwa namsubiri mwenyeji wangu chini ya mgunga, niliwasikia wakulima wawili wakibishana na dalali juu ya lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba juu mpaka ujazo wa gunia moja na nusu ukahesabiwa kuwa moja. Mama mmoja aliweka mkono juu ya kile kilemba akauliza, "Baba, na hiki ni cha nani? Mbona bei yake siisikii?" Dalali hakujibu. Yeye alikuwa na lori, mama alikuwa na vitunguu vinavyokaribia kuoza, na kila aliyekuwa pale alielewa.

Nilikuwa nimekuja kutafuta kinyume cha lile gunia.

Nimekulia Muheza, nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi. Baba alitusomea Nyerere kama watoto wengine wanavyosimuliwa hadithi za sungura, na aliipenda hasa insha ya Ujamaa ya mwaka 1962, inayosema kwamba katika jamii za jadi za Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi na hakuna aliyeishi kwa kumnyonya mwenzake. Lakini siku kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa ya baba. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama aliitenga kwenye kisahani chake, sisi tukaitazama ikipita. Nilipokua nikaanza kujiuliza kama huo usawa wa kale uliwahi kuwapo kweli, au ni jambo tulilotamani sana mpaka tukaliweka nyuma yetu ili lionekane kama kumbukumbu.

Waliolichunguza jambo hili kwa bidii hurudi mara kwa mara kwa watu wachache wale wale: Wasani wa Kalahari, Wambuti wa msitu wa Ituri, na hapa kwetu Wahadzabe wa Eyasi, ambao vitabu vya zamani viliwaita Watindiga. Wahadzabe wote kwa jumla wanazidi elfu moja kidogo tu. Kati yao ni mamia machache wanaoishi bado hasa kwa upinde, asali, mizizi na matunda ya porini. Kama ushahidi upo umbali wa siku moja kutoka Arusha, niliona ni uvivu kuendelea kuusoma vitabuni.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Mangola, mama yake Mhadzabe na baba yake Mwiraqw. Kabla ya kunipeleka kambini alinipitisha Mumba. Si pango la kutisha. Ni mwamba ulioinama kama paa la baraza, na chini yake udongo wenye makovu ya kuchimbwa. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alichimba hapo miaka ya 1930, na Michael Mehlman akarudi kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1970. Tabaka za chini kabisa zina umri wa zaidi ya miaka 100,000.

Nilichuchumaa pale muda mrefu. Ufalme ukifa huacha ngome, ghala na kaburi lenye dhahabu. Watu walioishi bila mfalme huacha nini? Mumba imetoa shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Obsidiani hiyo si ya Eyasi. Asili yake imefuatiliwa mpaka pande za Ziwa Naivasha, Kenya, karibu kilomita 300 kutoka pale nilipochuchumaa. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliopima shanga zaidi ya 1,500 za maganda ya mbuni kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika, ulionyesha kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita watu wa pande hizo mbili walizichonga karibu sawasawa kabisa.

Shanga haisemi kwamba aliyeivaa alikuwa sawa na mwenzake. Inachosema ni kwamba watu walikuwa na wenzao mbali sana. Kwangu hilo si dogo, maana mtu mwenye ndugu na rafiki wa mbali ana pa kwenda, na mwenye pa kwenda hatawaliwi kirahisi.

Lakini ipo na habari ya upande wa pili, nami nilikuwa nimeibeba kichwani tangu nyumbani. Huko Sunghir, Urusi, miaka kama 34,000 iliyopita, watoto wawili walizikwa na shanga zaidi ya 10,000 zilizochongwa kwa pembe za mamothi. Watu wa Sunghir walikuwa wawindaji. Kuchonga shanga hizo kulikula saa zisizohesabika za mikono ya watu wazima, na watoto wale hawakuwa wameishi muda wa kutosha kuistahili heshima hiyo kwa matendo yao. Walizaliwa nayo, kama mtoto wa sultani. Kwa hiyo siamini kwamba upinde peke yake huleta usawa. David Graeber na David Wengrow, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 2021, walisisitiza kwamba watu wa kale walijaribu namna nyingi za kuishi, nami nakubaliana nao. Ndiyo sababu nilitaka kuwaona watu ambao, mbele ya namna hizo zote, wameshika hii.

Tulitembea saa mbili na nusu. Kambi ilikuwa imekaa kwenye miamba yenye mibuyu: vibanda sita vya nyasi, na watu ishirini na wanane kwa hesabu yangu. Hicho ndicho kiasi cha kawaida. Frank Marlowe, Mmarekani aliyeanza utafiti kwao mwaka 1995, alikuta kambi nyingi zina watu wapatao thelathini.

Nilimwona mzee mwenye mvi ameketi karibu na moto, nikainamisha kichwa. "Shikamoo mzee." "Marahaba," alijibu, kwa Kiswahili safi, na macho yake hayakutoka kwenye mshale aliokuwa akiunyoosha kwa meno. Nyuma yangu akaja mvulana wa miaka kama tisa, akasema "Mtana," na mzee akamjibu "Mtana," neno lile lile, kwa sauti ile ile. Kisha mtoto akauchukua mshale mwingine kwenye mapaja ya mzee akaanza kuukagua. Nilishtuka. Kwetu ningepigwa kofi. Salamu yetu sisi ina ngazi ndani yake, na wengi wanasema asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Naipenda salamu hiyo na nitawafundisha wanangu. Lakini pale nilisikia kwa mara ya kwanza jinsi inavyompanga mtu mahali pake kabla hajasema lolote.

Nilikuwa nimebeba unga, chumvi, tumbaku, na kisu kimoja kizuri chenye mpini wa mpingo nilichokinunua Arusha. Kisu nilimpa kijana aliyetuonyesha pa kulala. Alikijaribu ukali kwenye kidole gumba, akakichomeka kiunoni, akauliza, "Na tumbaku iko wapi?" Asante sikuisikia. Usiku mwenyeji wangu alinieleza kwamba kushukuru sana ni kumfanya mtoaji ajione ametoa, na akijiona ametoa ataanza kudai. Mwenye kitu hutoa kwa sababu ameombwa. Aliyeomba alikuwa na haki ya kuomba. Habari imeishia hapo.

Alasiri ya siku ya pili alirudi mwindaji. Sikujua kama amepata kitu. Aliingia kimya, akaegemeza upinde kwenye mwamba, akaketi kati ya wanaume wengine kama mtu aliyetoka kuteka maji. Hakuna aliyemuuliza. Baada ya muda mrefu jirani yake akainua mmoja wa mishale yake, akatazama damu iliyokauka kwenye uti, akaurudisha. Hapo tu mazungumzo yakabadilika, na vijana watatu wakainuka kwenda kumfuata swala pala mahali alipoanguka.

James Woodburn, Mwingereza aliyefika kwa Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambaye makala yake ya mwaka 1982 kuhusu jamii za usawa husomwa mpaka leo, alieleza tabia hii hii: mwindaji huiachia damu ya mshale imsemee. Kule Kalahari wanazidisha. Richard Lee, Mkanada aliyeishi na Wasani wa Dobe miaka ya 1960, aliwanunulia maksai mnono kwa ajili ya Krismasi, nao kwa kurudiarudia wakamwambia ni mifupa mitupu, wataondoka na njaa. Aliumia mpaka walipomfafanulia: kijana akiua nyama nyingi huanza kujiona chifu na wenzake kuwaona watumishi wake, basi nyama yake hutukanwa ili moyo wake upoe.

Swala alipofika aligawanywa mpaka jioni. Kulikuwa na kelele nyingi kuliko nilivyotarajia. Bibi mmoja alisimama akasema wazi kwamba alichopewa ni mifupa, akaongezewa. Mwanamke mwingine alisimama tu, amenyoosha mkono, bila neno, mpaka mkono ukapata kitu. Aliyeua alipata nyama kama wengine na hakuonekana kusimamia chochote. Na sitawapamba: nilimwona mtu akisukuma kipande chini ya ngozi aliyokalia, na mwenyeji wangu akacheka kwamba asali ndiyo hufichwa zaidi, huliwa huko huko porini, mtu akarudi kambini akilamba midomo. Kinachowafanya wawe sawa ni kwamba kila mmoja anaruhusiwa kudai, na kila mmoja anadai kila siku. Nilikuwa nimedhani usawa ni utulivu. Ule niliouona una makelele kama soko.

Usiku huo tulikaa na moto, nikauliza swali nililolibeba tangu Muheza. Mtu mwenye nguvu akitaka kuwaamuru wengine, mnafanyaje? Mzee wa mshale alifikiri kidogo. "Tunahama," alisema. "Asubuhi unaamka, uko peke yako na nguvu zako." Kijana mwenye kisu akaongeza, akionyesha kwa kidevu mishale iliyosimikwa gizani, "Na kila mtu analala na hivyo."

Vichwa vya mishale mingine vilikuwa vimepakwa sumu inayochemshwa kutokana na mimea, mmojawapo waridi la jangwani, yenye uwezo wa kuangusha twiga. Woodburn aliliona hili: palipo na silaha ya namna hiyo mkononi mwa kila mwanaume, mbabe naye anahitaji kulala, na misuli yake haimlindi. Niliwaza sokwe wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Huko dume mmoja hukaa juu ya wengine kwa vitisho, meno na washirika. Sisi na wao tuna babu mmoja. Mahali fulani njiani babu zetu waliupunguza ubabe huo, na huenda hawakuupunguza kwa wema, bali kwa kuwa mnyonge alipata ncha kali na miguu ya kuondokea.

Kuondoka huko nako kumepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Coren Apicella na wenzake waliwauliza Wahadzabe 205 katika kambi 17 wangependa kukaa na nani kambi itakapohama, na wangempa nani asali kama zawadi. Wakarimu walielekea kwa wakarimu wenzao. Nawaza kwamba mchoyo hakuna anayemfukuza. Anaachwa tu nyuma, pole pole.

Siku ya tatu niliona mchezo wa lukuchuko, na kisu changu kilianza safari. Wanaume sita walisimama mbele ya mbuyu, kila mmoja na kipande chake cha gamba la mti, pamoja na kipande kimoja kikubwa cha wote. Vyote vinarushwa kwa pamoja kwenye shina. Ambaye chake kinaangukia upande sawa na kile kikubwa, na vya wenzake vikakataa, ameshinda. Wanacheza mishale yenye vichwa vya chuma, viko vya mawe, shanga, nguo. Upinde hauchezwi, wala mishale ya kuulia ndege, wala mfuko wa ngozi, kwa hiyo aliyepoteza vyote bado anaweza kula kesho. Walicheza tangu asubuhi mpaka kivuli kikahamia upande wa pili wa mbuyu. Kisu cha mpingo kilikuwa cha kijana yule saa tatu, cha mtu mwenye kovu saa sita, na jioni kilikuwa kiunoni mwa mtu aliyefika mchana ule ule kutoka kambi nyingine.

Nakiri kwamba niliumia. Nilikichagua kwa moyo, nilitaka kimkumbushe kijana yule jina langu. Ilinichukua usiku mzima kuona kwamba hilo ndilo hasa ambalo mchezo ule unalizuia. Jiwe la kuchongea viko hupatikana sehemu fulani tu za nchi yao. Wenye jiwe wangeweza kuwa wafanyabiashara na wasio nalo wakawa wadeni, lakini bahati huvizungusha vitu kutoka kambi hadi kambi, na hakuna anayebaki na deni la mtu.

Asubuhi ya nne nilifuatana na wanawake kuchimba mizizi. Bibi aliyelalamikia mifupa ndiye aliyetangulia na ndiye aliyechoka wa mwisho, akipenyeza kati ya mawe fimbo yake iliyochongwa ncha, mjukuu akimfuata nyuma. Kristen Hawkes na wenzake walijenga juu ya mabibi wa namna hii, tangu miaka ya 1980, hoja kwamba binadamu huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu chakula cha bibi ndicho kilichowakuza wajukuu. Nilimuuliza bibi nani humwamuru. Aliliona swali halina kichwa. Mume wa kwanza alimwacha, alisema, au yeye ndiye aliyemwacha, hakumbuki.

Kisha akanionyesha ukomo wa usawa wao, bila mimi kuuliza. Kuna nyama ambayo yeye haigusi wala haitazami ikiliwa. Inaitwa epeme. Katika mnyama mkubwa kuna sehemu zenye mafuta ambazo huliwa na wanaume wazima peke yao, kando, kwa siri, na mwanamke au kijana asiyeingizwa katika jambo hilo hatakiwi kukaribia. Nilikumbuka kisahani cha firigisi. Nikamweleza ya kwetu. Alinisikiliza kwa makini, akauliza, "Na mama yako hakuwahi kuionja?" Nikasema sijui. Ni kweli sijui, na mama hayupo tena wa kuulizwa. Tuliendelea kuchimba.

Niseme wazi kwamba watu hawa si kumbukumbu ya kale iliyosahauliwa porini. Vichwa vya mishale yao vingi ni misumari iliyofuliwa au kazi ya wahunzi wa Kidatoga. Wamepakana na wakulima na wafugaji kwa vizazi vingi. Mmoja wa wachezaji wa lukuchuko alikuwa na simu. Wanaoishi leo wanaweza kutuonyesha kwamba usawa unawezekana na unafanywaje. Hawawezi kutuambia kwamba kila binadamu wa miaka 50,000 iliyopita aliishi hivyo, na kuwabebesha mzigo huo ni kuwanyima haki ya kuwa watu wa wakati wao.

Na wakati wao ni mgumu. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya kijijini Yaeda Chini ili walime. Magonjwa yaliwapata, wengi wakarudi porini. Tangu hapo mashamba na mifugo vimezidi kusogea. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000, na nilifurahi sana niliposoma habari hiyo. Kambini niliifahamu kwa namna nyingine. Hati inataka kamati, mikutano inataka mwenyekiti, karatasi inataka sahihi. Ili walinde nchi ambamo hakuna mkubwa, lazima wamtoe mtu mmoja mbele awe mkubwa ofisini. "Tunamtuma anayependa kusema," mzee aliniambia. "Akirudi, anakaa chini kama sisi." Siku hiyo hiyo gari la watalii lilifika, na jambo la kwanza alilouliza dereva wake, kwa nia njema kabisa, lilikuwa chifu yuko wapi ili ampe pesa. Wanaume walitazamana. Hatimaye mmoja akanyoosha mkono kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na gari.

Niliondoka asubuhi ya sita. Hakuna aliyenisindikiza zaidi ya mwenyeji wangu, na hakuna aliyesema karibu tena. Tulipokaribia mashamba, harufu ya vitunguu ikiwa imeanza kurudi, tulikutana na mwanaume mmoja na mkewe wakielekea tulikotoka. Sikuwa nimewahi kuwaona. Mwanamke alikuwa akimenya kitu kwa kisu chenye mpini wa mpingo. Mwenyeji wangu alisema nao kwa Kihadza, na yule mwanaume akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Hiki ulikileta wewe?" aliniuliza.

"Ndiyo, ndugu."

Akakichukua kwa mkewe, akakigeuza juani, akamrudishia.

"Kizuri," alisema, akanyoosha mkono wake mtupu. "Una kingine?"

Nilishusha begi chini, nikalifungua.